Anayechechemea Ni Nani?

Wakubwa wa klabu walikuwa wameshaamua, kama kawaida yao, kabla ya kuuliza: Mama Mkwe akichechemea leo mbele ya daktari wa mifugo, anauzwa. Mama Mkwe ni farasi jike wa kuruka viunzi. Tulimpa jina hilo kwa kuwa habishiwi. Tangu mke wangu afariki, ndiye ninayemwamkia asubuhi.

Ukwato wake wa mbele uliumizwa na uwanja wao: mchanga kiduchu, chini mawe. Nilisema, lakini mtunza farasi anasikilizwa na nani? Bahati yake, ukwato ulipona, na picha za mifupa zikatoka safi.

Nikashika kamba, nikakimbia naye kwenye saruji. Daktari akaguna.

"Bado anachechemea. Kichwa kinapanda na kushuka."

Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, ndiye fundi wa kwato, anayezipigilia vyuma. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la nyundo, misumari mdomoni. Akaitema ili acheke vizuri.

"Daktari, unamtazama wa miguu minne. Hebu mtazame wa miguu miwili."

"Nyamaza wewe!" nikamkemea.

"Shemeji, goti lako likizama, unamvuta kamba. Mwenzio ana adabu tu, anakuitikia."

"Goti langu halina neno."

"Halina neno? Dada alikuwa anajua umerudi goti likilia getini! Lete kamba."

Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameegemea uzio, anatazama. Nawajua watu hawa: kwao kilema ni kilema, awe wa miguu minne au miwili. Nikiitoa kamba, nimejianika. Nikiing'ang'ania, Mama Mkwe anapandishwa lori.

Nikaitoa.

"Ilegeze," daktari akamwambia shemeji.

Wakakimbia. Kichwa cha Mama Mkwe kikatulia kama amebeba mtungi. Nikafumba macho nisikilize saruji. Hatua zote zililia sawa. Nilitafuta kosa, sikulipata, na roho ikaniuma kidogo.

"Huyu mzima," daktari akasema. "Abaki."

Mwenyekiti akashusha pumzi utadhani yeye ndiye aliyemtibu. Kisha akanikodolea goti. "Na huyu?"

"Huyo hauziki," shemeji akadakia. "Nani atamnunua na mdomo ule?"

Hata mwenyekiti akacheka. "Basi kukimbiza akimbize fundi. Wewe mzee baki na kulisha na kupiga brashi."

Miaka yote ile, hiyo ndiyo amri yao ya kwanza yenye akili. Sikumwambia.