Waya wa Mama Pelagia

Hospitali ilikuwa na mitandao mitatu: wa mapokezi, wa dawa na wa maabara. Kila mmoja ulikuwa na waya zake na swichi yake, kisanduku cha matundu kinachounganisha kompyuta, na swichi zote zilikaa kwenye kabati moja la ukumbini. Shigela, fundi wa Gongoni, aliletwa aiunganishe kwenye swichi moja kubwa, kisha aigawe kwa mipangilio ya ndani, idara zisionane.

Mama Pelagia, mkuu wa maabara, alimngoja mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Waya wangu usiuguse. Watu wanatoka Nzega kuja kupima hapa ili majirani wasijue. Jibu likionekana kwa watu wa dawa, nitawaambia nini?"

"Tujaribu siku tatu, mama, kwa majina ya kubuni. Likionekana jibu hata moja, waya wako unabaki."

Siku mbili zilipita salama. Ya tatu, Zamda wa dawa akaita kutoka dirishani, "Shigela! Huyu Mgonjwa wa Kumi ana kisukari. Mbona namwona?"

Mama Pelagia alisikia, akatoka. Shigela alifungua kabati. Waya wa dawa ulikuwa kwenye tundu la maabara.

"Nani kauhamisha?"

"Mimi," Zamda akajibu. "Mtandao ukigoma tunachomeka tundu jingine. Wewe Msukuma ulitaka niuimbie?"

Shigela aliucheka kidogo utani huo. Alikuwa amegawa mitandao kwa matundu, kila idara na yake, bila kuuliza watu wanaishije nayo.

"Basi waya wangu unabaki," alisema Mama Pelagia.

"Unabaki, mama."

"Kwani hata mtandao wa zamani si tulikuwa tunachomeka kwenu?" Zamda akasema. "Swichi ya maabara ndiyo yenye kasi. Mafaili yenu yanatokea, ila sisi hatufungui."

Mama Pelagia alikaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Miaka mingapi?"

"Tangu nianze kazi, mama."

Hakumgombeza. Alimgeukia Shigela. "Unaweza kufanya isiwezekane?"

"Swichi itaitambua kompyuta yenyewe, popote itakapochomekwa, iipe mtandao wa idara yake tu."

Alasiri, Shigela alipomaliza, Mama Pelagia alichukua waya wa Zamda, akauchomeka tundu baada ya tundu, yote ishirini na manne, huku Zamda akijibu kutoka dirishani: "Hamna jibu la maabara. Hamna, mama. Hamna."

La mwisho nalo hamna. Akapiga magoti, akachomoa waya wake wa zamani, akauviringisha kiwikoni.

"Sasa hamishia majibu ya kweli," alisema. "Na ufunguo wa kabati nitakaa nao mimi."