Stadi Iliyokatikia Ndani

Mkono wa kulia wa fundi Jailos ulianza kutetemeka mwaka juzi, kidogo kidogo, na yeye akaufanya siri. Miaka thelathini Chimala nzima ilimjua kwa mikono hiyo. Angeanzia wapi kusema?

Jumanne moja alikuwa akifungua manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa injini, kwenye pikapu ya Harilal, mwenye duka kule Ubaruku. Stadi moja, ile bolti isiyo na kichwa iliyozama kwenye silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imeliwa na kutu. Ikakatikia ndani. Hilo humpata fundi yeyote. Balaa lilikuja aliposhika drili: mkono ulicheza, ncha ikateleza pembeni ya chuma, ikang'ata aluminiamu laini ya hedi na kuharibu meno ya tundu.

Alizima drili, akaketi juu ya ndoo. Gundi ya chuma alikuwa nayo. Angeziba, akabandika stadi mpya, na gari lingenguruma vizuri tu mpaka vilima vya kwenda Mbeya. Hakuna aliyemwona.

Harilal alipopita saa tisa, Jailos alikuwa bado pale pale. Akainuka.

"Bwana Harilal, nimekuharibia hedi. Sisingizii kutu. Ni mkono huu." Akaunyoosha, ukicheza kama chekeche la mashine ya mpunga.

Harilal aliutazama kitambo. "Mama yangu alikuwa hivyo," alisema. "Tukasema uzee tu, tukamwacha." Akafuta miwani yake. "Gari halitoki hapa, fundi. Wewe sema, unamwamini nani alimalize?"

"Yuko mmoja. Lakini nilimfukuza."

Huyo ni Evarista, aliyejifunza ufundi kwake na sasa ana gereji yake Mbalizi. Mwaka jana Evarista alimtembelea, akamwona mwalimu wake akimwaga nati, akamsihi aende hospitali. Jailos alimjibu kwamba mwanafunzi hampimi mwalimu wake, akamfukuza. Tangu siku hiyo hawakuongea. Sasa alipiga simu, ikaita mara mbili tu.

"Kesho asubuhi niko hapo, mwalimu," Evarista alisema, kabla Jailos hajamaliza kueleza.

Alifika na mkoba wake, akamwamkia, akainama kwenye injini. Tundu aliliona. Alifunga kipande cha chuma kinene juu ya hedi, chenye tundu la kuielekeza ncha ya drili isiteleze tena, kisha akageuka.

"Mwalimu, kuna njia ya maji nyuma ya hapa, nikizidisha nitaitoboa. Nami sikio lako sina. Njoo usikilize."

Jailos alimtazama kuona kama anamhurumia. Evarista alikuwa amekunja uso kwa kazi. Basi akasogea, akainamisha kichwa karibu na hedi.

Drili ililia juu, kwa ukali. "Hicho ni chuma. Endelea." Ikalia tena. "Endelea... punguza." Sauti ikashuka, ikawa nzito, kama mtu anayeongea na ugali mdomoni. "Simama!"

Evarista alisimama papo hapo. Chuma kilikuwa kimekwisha; aluminiamu ilikuwa imeanza, na maji hayakutoka. Alikata meno mapya, mapana kuliko ya zamani, akazungushia ndani yake springi ndogo ya chuma iliyo na meno ya kipimo cha kwanza. Stadi mpya ikaingia kwa vidole, laini, bila kulazimishwa.

Injini iliwashwa, ikapata joto, wakaizungukia. Haikuvuja popote. Harilal, aliyekuja kuchukua gari, aliwapa wote wawili mkono, na ule wa Jailos akaushika kwa viganja vyote viwili mpaka ukatulia.

Evarista alipokuwa akifungasha vifaa, alisema bila kumtazama, "Mwalimu, nina lori Mbalizi linagonga ndani. Vijana wangu wamelifungua mara tatu, hawajui linagonga wapi."

"Linagonga likiwa na mzigo, au hata tupu?"

"Hata tupu. Njoo Ijumaa. Lakini kwanza tunapita hospitali, lori Jumamosi."

Jailos akauliza basi la kwanza la Ijumaa huondoka saa ngapi.