Pipa la Urithi la Ikolo

Mzungu aliyeleta vijiti vya mizabibu Ikolo alianza kujisifia urithi kabla hajachimba choo. Vijiti vile, alisema, vimetoka Ufaransa, kwenye shamba la Monreve, ambako mvinyo hunywewa na wafalme na ukoo mmoja umelima tangu babu wa babu wa babu. Yeye mwenyewe alikuwa Mjerumani. Mkalimani wake, Zebedayo, alitoboa siri: huko Monreve bwana yule alikuwa akiviringisha mapipa. Watu wakamwita Bwana Zabibu.

"Mvinyo ni udongo!" alihubiri. "Udongo uliokanyagwa na mababu!"

Andongwisye alimsikiliza akiwa juu ya udongo uliokanyagwa na babu yake, ambaye kaburi lake lilikuwa palepale migombani. Nusu ya migomba hiyo ilikuwa imekwisha kufyekwa, vijiti vikasimikwa. Nusu iliyobaki ilingoja neno la mkubwa wa boma. Akija, akionja, akipendezwa, Bwana Zabibu atapewa yote, na Andongwisye atabaki kibarua juu ya makaburi ya baba zake.

Lakini mvua ya Kyela haiombi ruhusa bomani. Zabibu zilioza zingali kwenye vishada, na zilizopona hazikufunika hata kitako cha pipa. Basi Bwana Zabibu, mlinzi wa urithi wa wafalme, akaagiza ndizi mbivu. Andongwisye ndiye aliyezikata, akazimenya, akazimwaga pipani. Zabibu zikatandazwa juu, kama shuka safi kwenye kitanda cha kunguni.

Mkubwa akafika, akawekewa kiti na meza yenye kitambaa cheupe. Pipani wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kuingia, wanakanyaga wameinamisha vichwa. Mmoja wao alikuwa Neli, mke wa Aliko, mwana wa Andongwisye.

"Kule Monreve," Bwana Zabibu alimwambia mgeni wake, "hukanyaga ukoo wenyewe. Baba, wana na wake za wana, pipa moja! Leteni mzee wa ukoo wa hapa!"

Jana Andongwisye alikuwa mvamizi wa shamba la watu. Leo amekuwa mzee wa ukoo.

Sasa, kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe, wala jina lake halimtoki mdomoni. Akimsikia anakuja, huacha njia akajitupa kichakani, hata kama kichaka ni cha upupu. Kuwatia wawili hao katika pipa moja, magoti wazi, ni heri uwavue nguo sokoni.

"Zebedayo, mwanangu, mwambie haiwezekani. Mle yumo mkwe wangu."

"Nimemwambia, tata. Anasema Ufaransa wanaingia."

"Basi wakwe wa Ufaransa hawana adabu."

"Hilo nalo nimtafsirie?"

"Litafsiri pamoja na mate yake!"

Zebedayo akamgeukia bwana wake, akainama. "Mzee anasema amefurahi sana."

Askari wawili wakamshika Andongwisye makwapa, wakamwinua. Aliuona uso wa mkubwa ukitabasamu, bilauri mkononi. Akinyamaza, mvinyo utasifiwa, migomba itakwenda, na juu yake aibu ya Neli itaimbwa hadi Ipinda. Akapaza sauti:

"Mkwe! Ni mimi! Ninaingia!"

Neli hakutazama nyuma. Alijifunika uso kwa nguo akarukia ukingo wa mbali. Na kwa kuwa wanawake wote mle walikuwa wake za wana wa mtaa ule, na Andongwisye ni baba kwa wana wote, wote wakaruka upande uleule. Pipa likapinduka. Kwanza zikatoka zabibu, kiasi cha kujaza kofia. Kisha zikaja ndizi, na ndizi, na ndizi, zikapita chini ya meza, zikajaa kwenye viatu vya mkubwa.

Mkubwa akaokota moja, akainusa.

"Monreve?" aliuliza, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipokwisha kucheka alikasirika, maana mkubwa akichekeshwa mbele ya watu weusi lazima mtu alipe. "Zabibu hapa hakuna. Migomba iliyobaki ibaki. Na mzee huyu achapwe."

Akachapwa kiboko kwa kuharibu urithi wa Ufaransa. Mjerumani alimcharaza Mnyakyusa, nyumbani kwa Mnyakyusa, kwa heshima ya Mfaransa! Na vita vilipokuja, Wajerumani haohao walitutwisha risasi za kumpigia Mfaransa na rafiki zake. Wao wamesahau. Sisi hatujasahau.

Jioni Andongwisye alilala kifudifudi migombani, mkewe Asegelile akimkanda kwa majani mgongoni.

"Wamechukua?"

"Hawakuchukua. Mkubwa amesema hii ni migomba."

"Ehee! Kumbe mpaka avae ndizi miguuni ndipo aijue migomba?"

"Usinichekeshe, mama Aliko, mgongo unapasuka."

"Na ile nusu waliyofyeka? Aliisemaje?"

"Hakuitaja."

"Asipoitaja ni ya nani?"

Andongwisye akajiinua kwa viwiko, akatazama vijiti vya Monreve vilivyosimama kwenye matope.

"Lete jembe," alisema.