Nzuri Tu, Daktari

Fundi Vioo alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyewahi kuuandika: ukimuuliza hali, anajibu nzuri. Siku ile alipoporomoka kutoka kwenye ngazi akaumia mgongo, waliomkimbilia walimkuta kalala chali kama mende aliyepuliziwa dawa.

"Vipi, fundi?"

"Salama tu."

Tangu hapo ni miaka anameza vidonge vikali vya maumivu. Sasa daktari, binti wa umri wa kitinda mimba wake, alikuwa akivipunguza kidogo kidogo ili mwili uviache bila vurugu. Kila alipouliza, fundi alijibu nzuri. Kila alipojibu nzuri, daktari alipunguza tena.

Leo, ndani ya chumba cha daktari, jasho linamtoka na feni inazunguka juu yake. Pua inachuruzika, miayo haimpi nafasi. Mikono ameikalia. Mkono unaotetemeka haukati kioo, na mwenye karakana ameshamwambia: pasua kimoja tena, ufungashe vifaa vyako. Lakini aseme vipi? Mtaani kwao anayelilia vidonge jina lake ni teja, na teja hafunguliwi mlango.

"Maumivu yanaendeleaje, baba?"

"Nzuri tu, daktari."

Mkewe, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani, akamkanyaga mguu.

"Na usingizi?"

"Upo."

"Upo wapi?" mkewe akadakia. "Kwangu haupo. Kitanda kinatikisika kama lori bovu."

"Mama watoto, umeulizwa wewe?"

Daktari akatabasamu, akageukia kompyuta. "Kwa unavyoendelea vizuri, baba, naona tuharakishe. Kuanzia leo tukate nusu."

Nusu!

"Mbaya," fundi akasema.

"Nini mbaya?"

"Hali. Mbaya sana. Tangu ulipoanza kupunguza." Akaitoa mikono alikoificha, akaiweka mezani. Ikacheza yenyewe, bila ngoma.

Daktari akaacha kuandika. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama mtu anayesalimia. Nami nikaitikia."

"Ni kweli. Hapo nilikosea, baba. Basi hatukati. Tunasimama hapa hapa mpaka mwili utulie, kisha tunashuka polepole kuliko mwanzo. Na mwili kuililia dawa uliyopewa miaka yote hii si uteja."

Fundi akashusha pumzi. Mapema mno.

"Sasa niambie na hili. Kuna kitu unaongezea?"

"Aongezee nini?" mkewe akacheka. "Chai yenyewe anaitapika!"

Fundi hakucheka. Daktari naye hakucheka. Akavuta kiti karibu.

"Siulizi ili nikufukuze. Nauliza kwa sababu ukichanganya, unaweza kulala usiamke."

Feni ikazunguka. Fundi akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, vikakwama, vikatoka na kikaratasi kilichokunjwa. Akakifungua mezani: vidonge vya bluu, vya kununuliwa uchochoroni, visivyo na jina wala pakiti.

Kicheko cha mkewe kikakatika. Alivitazama vidonge, akamtazama mumewe, akavitazama tena.

"Mara ya mwisho ulimeza lini?" daktari akauliza.

Fundi alifungua mdomo amjibu daktari, lakini macho yake yalikuwa kwa mkewe.

"Juzi," akasema. "Viwili. Ulipokuwa chumbani ukiniombea."