Kidonge cha Tatu

Walimwita Kinanda, maana zamani aliimba kwa pua kutwa nzima akikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha makazi ya watu wenye ulemavu wa akili. Akili yake ilikwenda polepole tangu utotoni, lakini shuka lake lilikunjwa pembe kwa pembe, na hakuna aliyemfikia. Sasa wimbo ulikuwa umekauka. Kidonge cha kwanza cha kumtuliza kilimletea usingizi, cha pili kikampa mikono ya kutetemeka. Leo daktari, anayefika mara moja kila miezi mitatu, angeamua kuhusu cha tatu. Kinanda alijua: akimeza hicho, kwaheri mashuka.

Alisubiri kwenye benchi na dada yake mdogo, fundi cherehani. Mlango wa kutokea ulikuwa na komeo upande wa nje.

"Kaka, leo useme mwenyewe," dada alinong'ona. "Mimi nikisema wananiona mshona viraka tu."

Kinanda alicheka. Kicheko kikamchoma, akanyamaza.

Walipoitwa, daktari alikuwa akisoma fomu. Ilikuwa na safu tatu: kelele, kujipiga, kukataa chakula. Muuguzi alitia alama kila jambo lilipotokea, kwa uaminifu mkubwa.

"Kujipiga shavu, mara kumi na tisa," daktari alisoma. "Kila mara baada ya kula. Fujo imezidi."

"Fujo gani, daktari?" dada alidakia. "Huyu hata nzi humwomba radhi!"

"Fomu haisemi hivyo, mama."

Neno Kinanda alikuwa nalo. Lilikuwa fupi, limekaa nyuma ya ulimi. Lakini vidonge viliufanya ulimi mzito kama gogo lililolowa. Kila alipolivuta, neno lilimponyoka. Nao walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni meza. Kalamu ya daktari ikashuka kwenye karatasi. Kinanda akajipiga shavu, paa!

"Umeona?" muuguzi alisema kwa huzuni. "Ishirini."

Dada hakumshika mkono. Alimgeukia, akapanua kinywa chake mwenyewe kama kinda la ndege. "Haya kaka, nionyeshe kwangu. Wapi?"

Kinanda akaingiza kidole taratibu, akagusa gego la mwisho, chini, kushoto. Kisha akagusa lake. Machozi yakamtiririka.

Daktari akawasha tochi, akachungulia.

"Limeoza hadi ndani ya ufizi. Ameumwa tangu lini?"

Muuguzi aliitazama fomu. "Tangu alama ya kwanza, nadhani. Hapa hakuna safu ya maumivu."

Kidonge cha tatu hakikuandikwa. Jino lingeng'olewa kesho.

"Na hivi viwili?" dada aliuliza.

"Haviachwi ghafla. Nitaanza kuvipunguza nikirudi."

"Miezi mitatu, daktari?"

Daktari akafunga mkoba wake.

Muuguzi akatafuta rula, akachora safu ya nne, akaandika juu yake: anaumwa wapi. Halafu akaleta kikombe cha maji. Saa ya dawa ilikuwa imefika. Kinanda alimeza viwili vyake, mlango ukafunguliwa dada apite, komeo likarudi.

Katika chumba cha kufulia alichukua shuka. Mikono ilitetemeka, pembe ikapishana na pembe. Alilitazama, akalikunjua lote, akaanza upya.