Sare Sita Nyeupe

Neno lenyewe lilimfikia Vifungo siku ya tatu baada ya mazishi, macho yake bado yamevimba kwa kulia. Likamwingia sikioni likagoma kutoka.

"Shoga yako hakufa bure," muuza mboga alimwambia, huku akifunga mafungu yake kwa uzi. "Mtu hajaugua hata mafua. Asubuhi anacheka, mchana maiti. Hebu muulize yule seremala wake alimtilia nini kwenye chai."

"Nani kasema?"

"Mimi simo, mwenzangu. Nimesikia tu."

Vifungo akaenda zake na mboga zake, lakini neno halikumwacha. Lisemwalo lipo, alijiambia, na kama halipo laja. Tangu hapo akawa hana raha.

Jina hilo la Vifungo alipewa na marehemu mwenyewe. Marehemu alikuwa fundi wa nguo za kike, na kwa miaka minane wawili hao walifanya kazi chumba kimoja cha nyumba ya fundi, kinachotazama barabara: fundi anakata na kushona, Vifungo anatia vifungo na kukunja pindo. Chumba kilikuwa na dirisha moja, cherehani ya miguu, meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pembeni jiko dogo la mkaa la kuongezea moto kwenye pasi. Umeme wa kule ulikuwa kama mgeni, huja apendapo.

Siku za vitambaa vya rangi mlango ulikuwa wazi, wapita njia wanasalimia na kutaniwa. Lakini siku za vitambaa vyeupe fundi alifunga dirisha, akafunga mlango, akasokomeza tambara chini yake, maana malori yalipita na kumwaga vumbi. "Nguo nyeupe haina msamaha," alikuwa akisema. Mumewe, yule seremala, alipoona anavyohangaika akamtengenezea mlango mpya, uliokaa sawasawa kwenye fremu hata unyoya haupiti. Fundi aliusifia mtaa mzima.

Ikifika mchana wa siku kama hizo, wote wawili vichwa vinawagonga. Maumivu hayo wakayaita "kichwa cheupe."

"Shoga, leo nina kichwa cheupe cha kufa mtu."

"Cha kwangu kinapiga ngoma. Tutoke, tukanywe chai."

Wakitoka nje, kichwa kinapoa. Wanacheka, wanarudi ndani. Mambo yakawa hivyo mpaka wakayazoea.

Siku ile fundi alikuwa na sare sita za wauguzi, nyeupe pe. Vifungo hakwenda kazini. Bintiye alikuwa na homa. Seremala aliporudi kula mchana alimkuta mkewe amelalia meza kama aliyesinzia, moto wa pasi umeshazimika. Walipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Watu wa nyumbani wakasema ni moyo, wakazika.

Makaburini watu walijaa. Wiki mbili baadaye nyumba ile haikuwa na mtu wa kubisha hodi. Waliobaki ni seremala, mama yake mzee, na binti wa marehemu wa miaka kumi na sita, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake.

Vifungo naye alikuwa mwoga wa kuzaliwa. Maji ya kunywa aliyachemsha mara mbili, na bintiye akichelewa kidogo tu tayari alishamwona chini ya gari. Basi akamwita bintiye, aliyekuwa rafiki wa Sindano tangu wanatambaa, akamwambia, "Ile nyumba usiikanyage tena. Wala maji usinywe."

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema."

Mwenyewe akabadilisha njia, akawa anazungukia nyuma. Siku moja walikutana uso kwa uso na Sindano.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nina haraka."

Mtoto akabaki amesimama pale pale, mfuko wa uzi mkononi. Vifungo hakugeuka, lakini usiku wake wote aliyaona yale macho.

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi asubuhi, wako jikoni wanaosha vyombo, bintiye akasema kama anayesemea maji, "Masikini Sindano. Kila siku kichwa."

"Umekwenda kwao?"

"Nimemwona dukani, mama, sijaenda. Anasema kichwa kinamgonga tangu aanze kumalizia zile sare za mama yake. Bibi yake kasema kazi ya marehemu isilale."

Vifungo akaacha kusugua. "Anazimalizia wapi?"

"Mule mule chumbani. Anafunga mlango, anaogopa vumbi."

Sufuria ikamponyoka. Kichwa cheupe! Duniani walikuwa wawili tu waliokijua kichwa kile, na mmoja ameshazikwa. Hakukuwa na chai wala mkono wa mtu; ni ule moto na mlango uliofungwa. Na yeye, badala ya kufikiri, alikuwa amekaa wiki tatu anatafuna umbea wa muuza mboga.

Alikimbia, ndoo aliyojikwaa nayo bado inabingirika nyuma yake, kandambili moja mguuni. Bibi alikuwa uani anaanika nguo.

"Karibu, mwanangu. Umetutupa."

"Sindano yuko wapi, mama?"

"Yuko kazini, kajifungia. Hataki vumbi, kama mama yake."

Vifungo akaupiga mlango kwa viganja viwili. "Sindano! Fungua! Ni mimi, mama mdogo!" Kimya. Akasukuma, haukutikisika, komeo lilikuwa kwa ndani. "Shemeji! Shemeji, njoo na nyundo!"

Seremala akatoka karakana yake ya jirani, vumbi la mbao kichwani. "Kuna nini?"

"Mtoto yumo na moto ndani. Vunja!"

Hakuuliza la pili. Akaupiga mlango alioutengeneza kwa mikono yake, mara tatu, mara nne, mpaka bawaba zikang'oka. Joto likawapiga usoni. Sindano alikuwa sakafuni chini ya meza, sindano na uzi bado vidoleni. Wakamburuta mpaka uani, wakamlaza kwenye hewa. Bibi anapiga mayowe, Vifungo anampepea kwa sare yenyewe nyeupe. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena. Akatapika, akafumbua macho.

Hospitali, muuguzi aliwasikiliza huku akimrekebishia mtoto kifaa cha hewa puani. "Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa mbaya," alisema. "Haina harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, basi. Mngechelewa kidogo, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Seremala akakaa kwenye benchi. "Kumbe ndiyo iliyomchukua mwenzangu. Na mlango nilimtengenezea mimi."

"Na kichwa nilikijua mimi, shemeji," Vifungo akasema. "Nilikuwa nakicheka." Kisha akaona akilificha lile jingine litamwoza ndani. "Niliambiwa ulimtilia kitu kwenye chai. Nikaamini. Ndiyo maana sikuja."

Seremala hakumtazama. "Nilijua yanasemwa. Wateja wangu siku hizi hata maji ya kunywa wanakataa. Nikawa najisemea, wacha waseme, Vifungo atakuja, yeye anatujua."

Heri angempiga kofi.

"Nisamehe, shemeji."

"Kaa na mtoto kwanza," alijibu akinyanyuka. "Mimi nikamtafutie uji."

Vifungo akakaa. Akaushika ule mkono mwembamba mpaka jua likahama dirishani. Tangu siku hiyo hakuacha kwenda kwenye nyumba ile: asubuhi anafika na bintiye, mmoja anamsaidia bibi kuteka maji, mwingine anatia vifungo. Sare sita walizimalizia uani, mlango wa chumba ukiwa bado umeegemezwa ukutani. Moja iliingia doa la vumbi kwenye kola. Muuguzi aliyezifuata aliliona, akaikunja, akasema asante.

Muuza mboga naye alifuatwa pale pale kwenye mafungu yake.

"Mimi simo, mwenzangu," akaanza.

"Umo," Vifungo akamwambia. "Na mimi nimo. Twende wote tukamwombe radhi seremala."

Walikwenda. Na seremala alipotoboa ukuta na kutia dirisha la pili kwenye chumba cha fundi, kubwa kuliko la kwanza, Vifungo aliandika kwa mkono wake karatasi, akaibandika ukutani juu ya cherehani, ili kila mama anayeleta kitambaa aisome:

Usiwashe jiko la mkaa wala pasi ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hata kama kuna vumbi, hata kama kuna mvua.

Usizibe chini ya mlango ukiwa na moto ndani.

Usilale na jiko chumbani, hata ukiona limezimika.

Usicheke kichwa kinachouma kila mtu aliyemo ndani. Tokeni nje.

Usimwachie mtoto kazi ya marehemu peke yake.

Usiishie makaburini. Nenda na wiki ya pili, na ya tatu.

Usibebe neno ambalo aliyekupa anasema hayumo.

Usipite njia ya nyuma.