Mikono Kwenye Video

Mdogo wangu tulimbandika jina la Mtaalamu tangu siku alipopata simu. Ukimuuliza kitu, anainamisha kichwa, vidole vinatambaa, kisha anainuka na jibu kana kwamba kazaliwa nalo. Nilikuwa nikicheka. Sicheki tena.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Cheti sina. Chuo cha ufundi kilipotangaza kwamba kinatafuta mwalimu wa kazi hiyo, cheti si lazima mradi ujuzi uwepo, niliona mlango umefunguliwa kwa ajili yangu. Mgongo umechoka kuinamia mashine za watu. Nilitaka kufundisha kabla haujanigomea kabisa.

Mwaka jana Mtaalamu alikuwa akija kibandani kwangu na simu yake. "Dada, fanya huku unaeleza. Nataka iwe kumbukumbu ya familia." Nikaeleza yote, hata zile siri alizoniachia marehemu baba: uzi ukikatikakatika, usikimbilie kubadilisha sindano, pitisha kwanza ukucha pale uzi unapopita, utasikia mkwaruzo. Nani angemficha mdogo wake?

Siku ya usaili mkuu wa chuo aliniwekea cherehani mezani. "Hii inakata uzi," akasema. Nikapitisha ukucha, nikaupata mkwaruzo, nikaeleza nitakavyousugua kwa msasa laini. Mkuu wala hakuitazama cherehani. Alikuwa anaandika ninayosema kwenye simu yake, halafu akatikisa kichwa.

"Mama, haya umeyakariri. Neno kwa neno."

Akanigeuzia simu. Mle ndani mlikuwa na mikono yangu, meza yangu, mkasi wangu wenye mpini uliofungwa kitambaa. Sauti ilikuwa ya mdogo wangu, imewekwa juu ya yangu. Chini lilikuwapo jina lake, na watu elfu arobaini wanamwita mwalimu.

"Huyo ni mdogo wangu, lakini mikono ni yangu," nikasema. "Tazama kovu kwenye kidole gumba."

Akatazama. "La kwako liko kulia. La kwenye video liko kushoto."

"Kwa sababu picha imegeuzwa, kama kwenye kioo! Tazama gurudumu la cherehani, nalo liko kushoto. Umeona wapi cherehani yenye gurudumu kushoto?"

Mtu aliyewahi kushona hata kiraka angecheka palepale. Mkuu wa chuo cha ufundi akarudi mtandaoni, akaandika, akasoma, akaridhika. "Zipo, za wanaotumia mkono wa kushoto. Imeandikwa hapa."

"Basi mpigie mwenyewe," nikasema, nikamtajia namba. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Huyu nilimbeba mgongoni mimi, nikamfunga kamba za viatu mimi. Alipopokea, mkuu aliweka sauti ya nje, akaniambia niseme nipo, kisha akauliza mikono ile ni ya nani.

"Ni yangu," akasema Mtaalamu. "Dada ananitazama siku nyingi. Anajifunza vizuri, msimlaumu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitoka bila kuaga, nikaisahau hata mikoba yangu ya vifaa pale mezani, ikabidi mlinzi anikimbilie nayo hadi barabarani. Nilishindwa kumwambia asante. Ningefungua mdomo ningelia mbele za watu.

Siku ya tatu akanipigia.

"Dada, umeninunia? Nilibabaika tu. Halafu baada ya ile simu wamenipa mimi kazi, sikuomba. Wanasema mimi nina wafuasi, wewe hujulikani. Sasa Jumatatu wananiwekea cherehani mbele ya wanafunzi. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, mtu anaanzia wapi?"

Matusi yalikuwa yamenijaa mdomoni, nilishindwa tu kuchagua la kuanza nalo. Lakini sauti ilikuwa ileile ya mtoto aliyekuwa akinililia nimsaidie hesabu, na mdomo wangu, kwa mazoea yake ya kijinga, ukaanza wenyewe: "Kwanza toa uzi wote wa juu, inua mguu wa cherehani, halafu..."

"Ngoja, ngoja, dada," akanikatiza. "Ngoja nirekodi."

Nikakata simu.